Muhuri wa Wakili Unashuhudia Nini

Waheshimiwa wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliotoka kazini mkaja moja kwa moja ukumbini bila hata kupita nyumbani, assalaam alaykum, na kwa wenzetu wa dini nyingine, hamjambo nyote.

Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka usiku wa kuamkia safari, nalo ni kuthibitisha hati kwa wakili. Naanza kwa kukiri kwamba mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mawakili hapa Mombasa, upande wa Barabara ya Nkrumah, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kazi ya karani ni kumpokea mtu mlangoni kabla hajamwona wakili, kumwuliza amekuja na nini, kuipitishia macho karatasi yake, na mara nyingi kumrudisha alikotoka. Nimewarudisha watu wengi. Huenda baadhi yao wamo humu leo, na nawaomba radhi kwa jua lililowapiga njiani, ingawa kwa hati zile bado ningewarudisha.

Mtu akifika pale mlangoni husema, "Nataka kugongewa muhuri tu." Neno hilo "tu" ndilo lililokuwa likinitia wasiwasi, kwa sababu linaufanya muhuri uonekane kama dawa ya kupaka, kwamba karatasi ikipakwa basi imepona. Muhuri hauugeuzi uongo ukawa kweli, wala hauthibitishi kwamba kiwanja ni chako au kwamba mtoto unayesafiri naye ni wa kumzaa. Kinachoshuhudiwa pale ni kwamba mtu fulani, aliyetambuliwa kwa kitambulisho chake, alifika mwenyewe mahali fulani, tarehe fulani, akaapa au akatia saini mbele ya macho ya yule aliyegonga muhuri. Ukilielewa hilo, maswali mengine yote unaweza kuyajibu mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani: ni nani anayepaswa kufika, atatambuliwa kwa nini, atatia saini lini na mbele ya nani, na karatasi yenyewe inakwenda kupokewa na nani.

Namkumbuka mama mmoja aliyevuka feri kutoka Likoni asubuhi na mapema, akafika ofisini kabla hatujafungua madirisha. Alitoa hati yake kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ulikuwa umefungwa kwenye khanga ili unyevu usiuguse. Ilikuwa hati ya mume wake ya kuridhia mtoto wao mdogo asafiri. Saini ilikuwa pale, nzuri, ya wino wa buluu, lakini mwenye saini alikuwa baharini, maana mume alikuwa baharia na meli ilikuwa imekwisha kuondoka. Yule mama alikuwa na nakala ya kitambulisho cha mumewe, cheti cha ndoa, hata picha ya mume akiwa ameishika ile karatasi. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mume.

Aliniuliza, kwa haki kabisa, "Baba, kwani kuna shaka gani hapa? Wewe mwenyewe unaona ni yeye." Mimi sikuwa na shaka. Lakini Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, ambayo ni Sura ya 15 ya Sheria za Kenya, inamtaka kamishna wa viapo, yaani wakili aliyepewa mamlaka ya kuapisha watu, aandike kwa ukweli mahali na tarehe ambapo kiapo kilitolewa. Ule mstari mdogo ulio chini ya ukurasa, unaosema kwamba kiapo kimetolewa Mombasa leo tarehe fulani mbele yangu, ni maneno ya wakili mwenyewe. Akigonga muhuri kwa mtu asiyekuwepo, wakili ndiye atakayekuwa amesema uongo kwa maandishi na kuutilia saini, na siku hati itakapohojiwa, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama mtu huyo alisimama mbele yake. Tulimshauri yule mama mumewe atie saini hati mpya katika bandari ambayo meli ingetia nanga, ama mbele ya mthibitishaji wa umma wa nchi hiyo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati zinazovuka mpaka, ama katika ubalozi wetu kama upo, kwa kuwa maafisa wa ubalozi wanayo mamlaka ya kufanya kazi hii kwa raia wao, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unaitambua kazi hiyo. Ilichukua wiki kadhaa. Mtoto alisafiri akiwa amechelewa, lakini alisafiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hati iliyoandikwa isitiwe saini nyumbani, hata kama umeisoma mara kumi na umeridhika nayo. Ilete ikiwa na nafasi ya saini iliyo wazi. Nafasi nyingine zote, kwa upande wake, ziwe zimejazwa: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya hati ya ardhi, kiasi cha fedha. Kamishna mwenye kujiheshimu hatakuapisha juu ya karatasi yenye vistari vitupu, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuvijaza ukishatoka nje. Na ukikosea herufi, tafadhali usipake ile rangi nyeupe ya kufutia. Likatwe neno kwa mstari mmoja, liandikwe lililo sahihi, na kamishna aweke herufi za jina lake pembeni ya sahihisho hilo. Kama makosa ni mengi, ni afadhali ukurasa uchapishwe upya, na gharama yake katika saiba yoyote ni ndogo kuliko nauli ya kurudi.

Sasa niseme neno kuhusu majina, na hapa mtanivumilia nikikaa kidogo, kwa sababu sisi wa Pwani ndio wenye maradhi haya. Jina moja la Kiarabu limeandikwa na makarani wa aina mbalimbali, katika nyakati mbalimbali, kila mmoja kwa sikio lake. Mtu ni Swaleh kwenye cheti cha kuzaliwa, Saleh kwenye kitambulisho, na Salehe kwenye cheti cha shule. Mwingine ni Athman kwa mama yake na Othman kwa serikali. Fatuma wa Majengo ni Fatma kwenye pasipoti. Hapa nyumbani hakuna anayebabaika, lakini afisa wa nchi nyingine anayezilinganisha karatasi mbili mezani kwake anaona watu wawili. Dawa yake ni hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ikiambatanishwa na nakala za hati zenye majina hayo kama vielelezo.

Mimi mwenyewe, karani mzoefu, yalinifika. Nilipokuwa nikifuatilia mafao yangu ya kustaafu niliandaa hati yangu ya kiapo kwa mikono yangu, nikataja tahajia mbili za jina la babu yangu, nikaapishwa, nikaenda nikiwa nimejiamini. Binti aliyekuwa dirishani akanigeuzia faili na kuniwekea kidole kwenye jina: ndani ya faili kulikuwa na tahajia ya tatu, yenye herufi h mahali ambapo sisi hatujawahi kuiweka. Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la ofisi ile. Sikuwa nimezikusanya karatasi zangu zote nikazisoma pamoja. Nilirudi nikaapa mara ya pili, na wenzangu ofisini walilicheka jambo hilo mwaka mzima. Basi kabla ya kuandika kiapo cha majina, zitandazeni hati zenu zote kitandani, kuanzia kadi ya kliniki mpaka leseni ya kuendesha gari, mzisome herufi kwa herufi.

Mjue pia kwamba kiapo cha namna hiyo kinaeleza tu hali ilivyo, hakibadilishi jina. Anayetaka kuliacha jina moja na kushika jingine anahitaji hati ya kubadilisha jina inayosajiliwa na serikali na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Watu huuliza tofauti ya kamishna wa viapo na mthibitishaji wa umma, kwa kuwa mabango yetu mjini huandika vyote viwili kwenye mlango mmoja. Wote wawili huteuliwa na Jaji Mkuu, na wote ni mawakili. Kamishna wa viapo huapisha watu kwa ajili ya hati za kiapo na matamko ya kisheria, na kazi yake kubwa ni kwa mambo ya humu nchini: kesi mahakamani, kitambulisho kilichopotea, mirathi, maombi ya pasipoti ya mtoto. Mthibitishaji wa umma, ambaye kazi yake inaongozwa na Sura ya 17, ni lazima awe amefanya kazi ya uwakili kwa muda usiopungua miaka 5, na saini yake pamoja na lakiri yake, yaani muhuri wake rasmi, ndizo zinazotarajiwa hati inapovuka mpaka wa nchi. Ukienda kwa kamishna na karatasi inayokwenda Ulaya au Ghuba, huenda ukagongewa muhuri mzuri ambao hautakufaa huko, na fedha zako hazitarudi. Uliza mapema, mlangoni, kwa maneno haya haya: hati hii inakwenda nchi fulani, je, wakili wenu ni mthibitishaji wa umma au ni kamishna wa viapo peke yake?

Mji wetu una kazi moja ya mthibitishaji ambayo wenzetu wa bara hawaioni, nayo ndiyo iliyonifundisha maana ya kazi nzima. Meli ikipatwa na bahari chafu njiani, na nahodha akahofia kwamba shehena imeingia maji au imesogea, akitia nanga Kilindini hutafuta mthibitishaji wa umma upesi, kwa desturi ndani ya saa 24 na kabla milango ya ngama, yaani tumbo la meli linalobeba shehena, haijafunguliwa, ili atoe tamko la yaliyomkuta. Niliwahi kuwapokea manahodha wa namna hiyo. Mmoja alikuja na kitabu cha meli kwapani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaketi akaeleza tarehe, upepo ulikotoka, mawimbi yaliyopanda juu ya sitaha, na hatua alizochukua. Mimi nilikuwa nikipiga taipu. Wakili wangu hakuwepo baharini. Hakuiona dhoruba, hakuyaona mawimbi, na hakudai kwamba aliyaona. Alichokishuhudia ni kwamba nahodha huyu wa meli hii alifika mbele yake siku hii, kabla shehena haijaguswa, akayasema maneno haya na kuyatilia saini. Baadaye wenye mali na wenye bima wakigombana, tamko lile huwa na uzito kwa sababu lilitolewa mapema na mbele ya mtu anayetambulika. Hati yako ya kawaida ya majina au ya mtoto ni tamko la nahodha vile vile, isipokuwa dhoruba yake ni ndogo.

Na kwa kuwa maneno ni yako, adhabu nayo ni yako. Kiapo cha uongo katika shauri la mahakama ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu yetu inaliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 7, na tamko la uongo nje ya mahakama nalo ni kosa la jinai. Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, andika tu nimeishi hapa miaka kumi, nani atajua?" Nikamwuliza yeye mwenyewe anajua au hajui. Maneno hayo hayakuandikwa.

Kuapa kwenyewe watu hukufanya kwa haraka mno. Kamishna anapaswa kukuuliza kama saini hiyo ni yako, kama umeyaelewa yaliyoandikwa, na kama unaapa kwamba ni kweli. Mwislamu huapa kwa Kurani, Mkristo kwa Biblia, na asiyependa kuapa kwa sababu ya imani yake, au asiye na dini, sheria inamruhusu kuthibitisha kwa tamko bila kiapo. Ukiona karatasi zako zimechukuliwa kwenye chumba cha ndani na kurudishwa zimegongwa muhuri bila mtu kukuona uso, ujue hukuapa, na hati uliyonayo ina ufa ambao wakili wa mpinzani wako ataupata.

Wazee wangu, wapo miongoni mwenu wanaosoma Kurani na barua za maandishi ya Kiarabu bila tatizo, lakini hati za Kiingereza hawazisomi. Msione haya kulisema hilo. Sheria imeweka namna maalumu ya maneno ya mwisho wa kiapo kwa mtu asiyesoma au asiyeona, ambapo huelezwa kwamba alisomewa hati na kufafanuliwa, na akaonekana kuielewa, kisha akaweka saini au alama ya kidole gumba. Maneno hayo ni kinga yako. Bila hayo, mzee anayeweka dole gumba kwenye kurasa tano za Kiingereza amesaini asichokijua, na akija kukana baadaye, kazi ya kuthibitisha itakuwa ngumu. Dai usomewe. Dai usomewe kwa Kiswahili, na kama kwenu ni Kigiriama au Kidigo, ndicho usomewe, na asiwe anakusomea yule yule anayenufaika na hati.

Mara nyingi watu hukasirika wakiambiwa waende ofisi ya jirani. Wakili anayewatetea katika kesi, aliyewaandikia hati ya kiapo, huwaambia wakaapishwe kwa wakili mwingine ng'ambo ya barabara, nao hudhani wanatembezwa ili walipe mara mbili. Hapana. Sheria inamkataza kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo. Nilikuwa nikiwasindikiza watu mwenyewe mpaka ng'ambo, na njia nzima nalaumiwa.

Vielelezo, yaani karatasi zinazoambatanishwa na kiapo, vinataka uangalifu wa peke yake. Kila kimoja hupewa herufi au alama yake, hugongwa lakiri ya kamishna, na hufungwa pamoja na kiapo kiasi kwamba hakiwezi kuchomolewa na kingine kikatiwa mahali pake. Kama unataka nakala ithibitishwe kuwa ni sawa na asili, ile asili ni lazima uilete, kwa maana anayeshuhudia hulinganisha kwa macho yake. Nakala ya nakala, au picha iliyomo kwenye simu, haimpi kitu cha kulinganisha. Wangapi wamekuja na simu mkononi wakisema cheti kiko kwa dada Malindi? Basi dada na apande matatu.

Sasa tufike kwenye hati zinazokwenda nje, ambazo najua ndizo zilizowaleta wengi wenu, kwa kuwa watoto wetu wanakwenda Ghuba kufanya kazi, wengine wanakwenda kusoma, na wengine wanaolewa mbali. Kuuliza si ujinga, na wa kwanza kuulizwa ni yule atakayeipokea hati: ubalozi, chuo, mwajiri, au ofisi ya ndoa ya huko. Muulizeni anataka asili au nakala iliyothibitishwa, kwa lugha gani, iwe imethibitishwa na nani, na isiwe imepita muda gani, kwa kuwa wapo wanaozikataa hati zilizozidi miezi 3 au 6. Majibu hayo myapate kwa maandishi, mje nayo ofisini. Karani anayeiona orodha ya mpokeaji hawezi kukosea sana.

Njia ambayo mikono yangu imeizoea ni ile ndefu. Mthibitishaji wa umma hutia saini na lakiri yake; Msajili wa Mahakama Kuu huthibitisha kwamba saini ile ni ya mthibitishaji anayetambulika; Wizara ya Mambo ya Nje kule Nairobi huthibitisha saini ya Msajili; na ubalozi wa nchi inayopokea huithibitisha ya Wizara. Mkitazama kwa makini mtaona kwamba hakuna hata mmoja katika mnyororo huo anayeshuhudia kwamba maelezo yenu ni ya kweli. Kila mmoja anamshuhudia aliyemtangulia, na wa kwanza kabisa ndiye aliyekuona wewe. Pete moja ikikosekana, nyingine haziwezi kuungana, ndiyo maana mtu aliyekwenda Nairobi akiruka hatua ya Msajili hurudishwa Mombasa, na hiyo ni nauli ya treni au basi kwenda na kurudi bila faida. Upo mkataba wa kimataifa uliofungwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961 unaozifupishia nchi wanachama safari hii kwa cheti kimoja, lakini hufaa tu pale ambapo nchi itoayo hati na nchi iipokeayo zote zimo. Mpokeaji wenu akiutaja mkataba huo, muulizeni hasa anataka nini kwa hati iliyotoka Kenya.

Kuna hati ambazo mpokeaji hutaka zianzie kwa aliyezitoa, si kwa wakili. Matokeo ya mtihani huthibitishwa na Baraza la Mitihani la Kenya, cheti cha tabia njema hutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na cheti cha kuzaliwa kina ofisi yake ya usajili. Wakili akigonga muhuri kwenye nakala ya cheti cha shule amesema kwamba nakala inafanana na asili aliyoiona. Kama ile asili ni ya kughushi, nakala yake inayofanana nayo ni ya kughushi pia, na hilo mpokeaji analijua.

Hati za Kiarabu au Kiswahili zinazokwenda kusomwa na watu wasiojua lugha hizo hutafsiriwa, na mfasiri ndiye anayeapa kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri yake ni sahihi. Mwenye hati hawezi kumwapia mfasiri.

Nimeiacha hati ya uwakala karibu na mwisho kwa sababu ndiyo iliyovunja familia nyingi nilizozijua. Hii ni hati unayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa jina lako: kuuza kiwanja chako cha Mtwapa, kupokea kodi ya nyumba, kufungua akaunti. Mtu yuko Dubai, ndugu yake yuko hapa, na karatasi iliyochapishwa saiba inasema ndugu afanye "mambo yote ambayo mimi ningeweza kuyafanya". Nawasihi msitie saini maneno hayo kwa ajili ya kazi moja. Kama ni kuuza kiwanja kimoja, kitajwe kiwanja hicho kwa nambari yake, itajwe bei ya chini kabisa, itajwe akaunti ambamo fedha zitaingia, na uwekwe mwisho wa muda. Hati ya uwakala inayohusu ardhi husajiliwa katika ofisi ya ardhi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, na ukiamua kuifuta, kufutwa kwake nako kupelekwe huko huko, maana kumwambia ndugu kwa simu kwamba umeghairi hakumfikii msajili. Kwa kawaida hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Mtu akishafariki, mambo yake yanakwenda kwa warithi kupitia mahakama, na kwetu Waislamu mara nyingi ni kwa kadhi, na anayeendelea kuitumia ile karatasi baada ya mazishi anajitafutia kesi.

Kina mama, mnapoletewa karatasi ya kuridhia nyumba ya ndoa iuzwe au iwekwe rehani, hiyo ni hati yenu na saini ni yenu. Mfike wenyewe, msomewe, na mume akae nje ya chumba wakati mnasomewa. Wakili wangu alikuwa akiwatoa waume kwa adabu sana, akiwaambia wakanywe kahawa. Wapo wake waliobaki ndani wakasema hawakubali, na karatasi ikarudi ilivyokuja.

Kuhusu mihuri ya bandia nitasema machache. Muhuri wa mpira unaweza kuchongwa na yeyote, na wapo wanaoutembeza mfukoni karibu na ofisi za serikali. Wakili wa kweli ana cheti cha kufanyia kazi kinachokwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya kina mahali kwenye intaneti pa kutafuta jina lake na kuona kama cheti kingali hai. Fanyeni hivyo kwa simu kabla ya kulipa. Ada nazo ziulizwe kabla ya kuketi, na risiti ichukuliwe.

Nimeambiwa ukumbi unahitajika baada ya Magharibi, kwa hiyo sitaendelea. Nitakaa pale kwenye meza iliyo karibu na mlango, miwani ninayo, na sitozi kitu kwa kusoma. Aliyekuja na hati mkononi aje nayo tuitazame pamoja, na kalamu aiache mfukoni.